Ufizi ulionyamaza: maswali ya wanaotumia dawa za kushusha kinga, Tabora na Kigoma

Mimi ni tabibu wa meno, Tabora mjini. Wengi wanaokaa kwenye kiti changu wana jino lililotoboka, hawana jingine. Ila wapo wachache wanaokuja na mfuko wa dawa mkononi: aliyepandikizwa figo, mwenye lupasi, mwenye baridi yabisi iliyomkunja vidole, mwenye pumu anayemeza prednisoloni mwaka wa tatu sasa. Wanatoka Urambo, Sikonge, Nzega, Kaliua. Wengine wanashuka na treni ya Kigoma, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Maswali yao yanafanana mno, na baadhi ya majibu wanayopewa mitaani yananiumiza. Nimeyaandika hapa kama wanavyoyauliza.

Dawa za kushusha kinga ni zipi? Nisije nikawa nazitumia bila kujua.

Ni dawa zinazopunguza makali ya askari wa mwili kwa makusudi. Aliyepandikizwa figo anazihitaji kwa sababu mwili wake unaiona figo ile kama mvamizi. Mwenye lupasi au baridi yabisi anazihitaji kwa sababu askari wake wamemgeukia mwenyewe. Majina utakayoyakuta kwenye pakiti ni prednisoloni, azathioprini, mikofenoleti, siklosporini, takrolimasi, methotreksati. Mtu wa figo mara nyingi anameza mbili au tatu kwa pamoja.

Zamani mgonjwa wa namna hii tulijua katoka India. Tangu Muhimbili waanze kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata 2018, tunakutana nao hukuhuku mikoani. Kwa hiyo hata tabibu wa meno wa wilayani anapaswa kuzijua dawa hizi.

Prednisoloni ya siku tano uliyopewa kifua kilipobana haikuingizi kwenye kundi hili. Nazungumzia anayemeza kwa miezi na miaka.

Na ARV zimo?

Hazimo. ARV zinamzuia kirusi ili kinga ipande. Ni kinyume kabisa. Kuna watu wanafichiana vidonge vya figo nyumbani kwa kuogopa majirani watadhani ni ARV, na kuna waliopunguza ARV wakidhani ndizo zinazoshusha kinga. Makosa yote mawili yanaua.

Fizi zangu hazitoki damu hata nikisugua kwa nguvu. Si maana yake ni nzima?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike ukurasa huu wote.

Kuna mama mmoja, ana figo ya kupandikizwa, alikuja kwangu kwa sababu jino moja la mbele, la chini, lilikuwa linasogea akiuma hindi la kuchoma. Ukimtazama, fizi zake zilikuwa za kuvutia: rangi nzuri, zimetulia, hakuna uvimbe. Nikachukua kipimio. Ni kijiti cha chuma chembamba chenye ncha butu na alama za milimita. Ukikichomeka taratibu kati ya jino na ufizi mzima, kinazama milimita 1 hadi 3 kisha kinagota. Kwa mama huyu kilipita 3, kikapita 5, kikaja kugota 7. Hakukunja hata uso. Nilipokitoa, tone la damu lilikuja baada ya muda, dogo, kama linalojishauri. Akaniuliza, "Mbona hazijawahi kutoka damu, dokta?" Picha ya eksirei ilionyesha mfupa unaoshika jino lile umeshashuka chini ya nusu ya mzizi.

Sisi watu wa Tabora tunaweza kulielewa jambo hili kupitia mzinga. Mrina asali hapandi mtini mikono mitupu, anapanda na moshi. Moshi ukiingia nyuki hawafi, wanatulia tu, wanaacha kuuma. Dawa za kushusha kinga ni moshi ule. Ufizi wa mtu wa kawaida ukichafuka, unavimba, unakuwa mwekundu, unatoka damu. Kero, ndiyo, lakini ndiyo nyuki wanaokuambia mzinga umeingiliwa. Sasa wewe unapuliza moshi asubuhi na jioni, na una haki ya kufanya hivyo, kwa sababu bila moshi figo inaondoka. Ila siafu wakipanda usiku, hakuna nyuki atakayepiga kelele.

Kwa hiyo ufizi wa anayetumia dawa hizi haupimwi kwa macho wala kwa damu. Unapimwa kwa kipimio, na panapotiliwa shaka, kwa eksirei. Ukienda kwa mtaalamu akakuangalia kwa tochi tu akasema uko sawa, mwombe kwa adabu akupimie. Sema hivi: "Natumia dawa za kushusha kinga, naomba unipimie kina cha fizi." Si utovu wa heshima.

Mfupa wa taya unaliwaje? Unauma?

Hauumi, na ndiyo hatari yake.

Ukoga ule laini unaobaki kwenye shingo ya jino ni mji wa bakteria. Usipoondolewa unakauka kuwa mgumu kama jiwe, wengine huuita ugaga, na unaanza kushuka chini ya ufizi ambako mswaki haufiki. Mwili unatuma askari. Ugomvi unapigwa ndani ya nyama, lakini habari zake zinafika mfupani: seli zinazobomoa mfupa zinaamshwa, na zile zinazojenga zinaachwa nyuma. Bakteria hawautafuni mfupa kwa meno yao. Ni mfupa wenyewe unaojiondoa pembeni, kama mtu anayeukimbia ugomvi wa majirani. Unashuka milimita moja, mbili, kwa miaka.

Utakachokiona kwanza ni meno kuonekana marefu kuliko picha yako ya zamani. Au mwanya mpya. Au nyama inanasa mahali ilipokuwa hainasi, harufu haitoki hata ukipiga mswaki, jino linacheza. Mfupa uliokwisha kushuka haupandi wenyewe. Kazi yetu kubwa ni kuusimamisha hapo ulipofika.

Kama askari wanaopigana ndio wanaosababisha mfupa kuondoka, basi dawa si zinaulinda?

Mzee mmoja mstaafu, mwalimu, aliniuliza hivyo hivyo, na nilimheshimu kwa swali lile. Kuna ukweli ndani yake. Kwa kuwa dawa zinatuliza ugomvi, zinaweza kupunguza pia sehemu ya uharibifu. Ndiyo maana tafiti zilizolinganisha fizi za waliopandikizwa figo na fizi za watu wengine hazikubaliani: baadhi zimekuta ugonjwa mwingi zaidi, baadhi hazikuona tofauti. Kwa panya wa maabara siklosporini imeonekana kuufanya mfupa wa taya kuwa mwepesi; kwa binadamu picha ina rangi nyingi.

Lakini usilale kwa hilo. Mfupa wa mtu wa figo ulishaanza kudhoofika kabla hajapandikizwa, kwa sababu figo zilizokufa zinavuruga madini na vitamini D. Prednisoloni na takrolimasi zote zinaweza kupandisha sukari, na sukari ikipanda ugonjwa wa fizi unashika kasi. Mwenye baridi yabisi naye hupata ugonjwa wa fizi zaidi ya wengine, na vidole vyake havishiki mswaki vizuri. (Kwa huyu nashauri ufunge mpini wa mswaki kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka unenepe. Unashikika, na hauna gharama.) Juu ya yote, jipu la jino ambalo kwa jirani yako lingebaki shavuni, kwako linaweza kusambaa haraka kwa kuwa askari ni wachache. Homa kwa mtu anayetumia dawa hizi si ya kusubiri kesho.

Fizi za mwanangu zimekua mpaka zinafunika meno. Amerogwa?

Hapana, mama. Muulize daktari wake kama dawa anayotumia ni siklosporini.

Siklosporini ilitokana na kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa Norwe. Uwezo wake wa kutuliza kinga uligunduliwa mwaka 1972 huko Basel, Uswisi, na Marekani waliipitisha 1983. Imeokoa figo na maini mengi mno duniani. Mwaka huohuo wa 1983 madaktari wa meno walishaandika kwamba inakuza fizi. Takriban robo hadi theluthi ya watu wazima wanaoitumia wanapata hali hii, na watoto na vijana zaidi. Huanza kwenye miezi mitatu ya mwanzo, kwa kawaida meno ya mbele, kwenye kile kipembe cha nyama kilichopo kati ya jino na jino. Kipembe kinanenepa, kinakutana na mwenzake, na mwishowe jino linabaki linachungulia. Mahali pasipo na jino, ufizi haukui hivyo.

Mambo mawili yanaongeza ukuaji. La kwanza ni ukoga: mdomo mchafu, nyama nyingi. La pili ni dawa ya presha iitwayo nifedipini, na mgonjwa wa figo mara nyingi ana presha. Siklosporini na nifedipini kwa pamoja ni mbaya kwa fizi kuliko kila moja peke yake. Amlodipini nayo inaweza, ingawa kidogo. Fenitoini ya kifafa ni ndugu yao katika hili: karibu nusu ya wanaoitumia fizi zao hukua, na nimewaona wengi vijijini waliofichwa ndani kwa sababu ya kifafa na kwa sababu ya midomo. Inaniuma kila mara, kwa kuwa yote mawili yana matibabu.

Sasa, je, mfupa umeliwa? Si lazima. Ufizi ukipanda juu ya jino, kipimio kitazama milimita 5 au 6 hata kama mfupa uko palepale. Hilo ni shimo la uongo. Shimo la kweli ni pale ufizi uko mahali pake na mfupa ndio umeshuka. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, la uongo kwa juu na la kweli kwa chini, na hapo eksirei ndiyo inayotoa hukumu. Usikubali kung'olewa meno kwa sababu fizi zimeyafunika.

Matibabu yanaanza kwa kusafisha vizuri, kukwangua ugaga, na kurudi baada ya wiki kadhaa. Wengine fizi zao zinapungua kwa hilo tu. Daktari wa figo anaweza kubadili siklosporini kwenda takrolimasi, ambayo haikuzi fizi kwa kiasi hicho, au kubadili dawa ya presha. Ikibidi nyama inakatwa kwa ganzi. Inaweza kurudi, hasa usafi ukilegea.

Tahadhari moja: uvimbe wa rangi ya zambarau au damu ya mzee kwenye ufizi au kaakaa, usiuchukulie kuwa ni haya. Kwa mtu mwenye kinga iliyoshushwa inaweza kuwa saratani ya Kaposi. Unakatwa kipande kidogo kinapelekwa maabara.

Basi niache dawa?

Hapana. Hata siku moja bila daktari aliyekuandikia. Jino linaweza kubadilishwa na la bandia wiki ijayo. Figo haipatikani dukani. Na prednisoloni ya muda mrefu ukiikata ghafla mwili unaweza kuzimia, kwa sababu tezi zako zilishaacha kutengeneza ya kwao.

Prednisoloni inakula mifupa ya taya kama ya nyonga?

Inadhoofisha mifupa yote. Inapunguza seli zinazojenga na kuchelewesha kalsiamu kuingia mwilini. Upotevu mkubwa hutokea mapema, ndani ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, ndiyo maana anayetarajiwa kuitumia zaidi ya miezi mitatu anatakiwa kuzungumza kuhusu mifupa tangu siku ya kwanza, asisubiri kuvunjika. Taya haliponi katika hesabu hiyo, ila jambo linaloangusha meno hasa ni ugonjwa wa fizi ukikuta mfupa tayari ni mwepesi.

Dagaa wa Kigoma wanaoliwa wazimawazima na miba yao wana kalsiamu nzuri. Lakini wana fosforasi pia. Kama figo yako haijakaa sawa, muulize daktari wako kiasi kabla hujajaza sahani.

Nimepewa dawa ya kuimarisha mifupa, nikaambiwa nisiguse meno. Kwa nini?

Dawa kama alendroneti (ya kumeza) na asidi ya zoledroni (ya mshipa) zinazizuia zile seli zinazobomoa mfupa. Ni nzuri kwa anayetumia prednisoloni. Lakini mfupa unaponywa kwa kubomoa na kujenga. Ukizuia kubomoa, kidonda cha taya kinaweza kukataa kufunga. Tangu mwaka 2003 inajulikana kwamba baadhi ya wanaotumia dawa hizi, jino likishang'olewa, mfupa unabaki wazi mdomoni na kufa. Ukiuona mfupa mweupe au wa manjano umetokeza kwa wiki 8 au zaidi, ndiyo hali hiyo. Kwa dozi za mifupa dhaifu ni nadra. Kwa dozi kubwa za wagonjwa wa saratani ni nyingi zaidi, na prednisoloni inaongeza uwezekano.

Kuambiwa "usiguse meno" ni maelezo nusu. Maelezo kamili ni haya: kabla ya kuanza dawa, meno yasiyoponyeka yang'olewe, fizi zisafishwe, vidonda vifunge. Ukishaanza, endelea kusafisha na kuziba meno bila woga, jitahidi kuepuka kung'oa. Na usidhani ukiruka kidonge cha wiki hiyo umejikinga. Dawa hizi hukaa ndani ya mfupa kwa miaka.

Naweza kung'oa jino?

Unaweza, kwa mpango. Kama umepandikizwa hivi karibuni, mambo yasiyo ya dharura husubiri miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, kwa kuwa wakati huo dozi ziko juu. Baada ya hapo nitataka kuona kipimo cha damu, hasa seli nyeupe na chembe za kugandisha damu, maana azathioprini na mikofenoleti zinaweza kuzishusha. Meza prednisoloni yako ya asubuhi kama kawaida, usije kwangu bila kuimeza ukidhani ni kama kufunga kwa upasuaji mkubwa. Kuhusu antibayotiki kabla ya kung'oa, si kila mtu anahitaji. Nampigia daktari wake tunaamua.

Jipu lisisubiri mpango. Jipu ni leo.

Dawa za maumivu na antibayotiki zipi ni salama?

Kwa maumivu, parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo duka lolote la dawa kuanzia Ujiji mpaka Igunga wanakupa bila kukuuliza, zinaumiza figo ya anayetumia siklosporini au takrolimasi, na zinaweza kufanya methotreksati irundikane mwilini.

Kwa antibayotiki niruhusu nieleze kosa langu. Miaka yangu ya mwanzo kazini nilimwandikia mgonjwa wa takrolimasi eritromaisini, kwa sababu alisema penisilini inamtoa vipele. Sikuuliza zaidi. Siku chache baadaye mikono yake ilikuwa inatetemeka hata kikombe cha chai kinamwagika. Eritromaisini ilikuwa imelizuia ini kuivunja takrolimasi, ikajaa kwenye damu. Waliomtibu waliwahi, figo ikapona. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, akanikaribisha chai. Tangu siku hiyo siandiki dawa kabla sijaona pakiti zote.

Klarithromaisini ni hivyo hivyo. Flukonazoli na ketokonazoli, dawa za fangasi, nazo zinapandisha kiwango, na metronidazoli tunayoipenda sana kwa fizi inaweza pia. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: inashusha, na mwili ukaanza kuikataa figo. Kotrimoksazoli usiichanganye na methotreksati. Amoksilini, kwa asiye na mzio, haileti ugomvi huo na siklosporini wala takrolimasi. Mojawapo ya hizi zinazopandisha au kushusha kiwango ikilazimika kutumika, inatumika huku kiwango cha dawa kikipimwa, damu ikichukuliwa asubuhi kabla hujameza dozi. Na balungi, tunda, liache kabisa.

Methotreksati imenitoa vidonda mdomoni. Ni ugonjwa wa fizi?

Ni ishara ya dawa. Swali langu la kwanza ni hili: unaimeza mara ngapi? Kwa baridi yabisi ni mara moja kwa wiki, si kila siku. Wapo walioimeza kila siku kwa kutoelewa maandishi ya bahasha, na hiyo ni sumu inayoua. Kama ni hivyo, nenda hospitali sasa hivi. Kama unaimeza sawasawa, daktari ataangalia damu na kidonge cha asidi ya foliki.

Na utando mweupe?

Ukifutika kwa kitambaa ukaacha wekundu, ni fangasi. Anayevuta dawa ya pumu ya mvuke asukutue maji kila baada ya kuvuta. Nistatini ya maji mara nyingi inatosha, na haigombani na dawa za figo.

Navuta sigara, na bibi anatumia ugoro. Vinahusika?

Vinahusika sana, na najua nazungumza na mkoa ambao mashamba ya tumbaku yamesomesha watoto wengi. Nikotini inabana mishipa midogo ya ufizi, kwa hiyo mvutaji naye hatoki damu. Mvutaji anayetumia dawa za kushusha kinga amepuliza moshi mara mbili kwenye mzinga mmoja. Kati ya wagonjwa wangu wa kundi hili, waliopoteza meno mapema ni wavutaji. Ugoro unaowekwa mdomoni unaukwangua ufizi pale unapokaa, na mfupa wa hapo unafuata. Na mtu mwenye kinga ya chini anapata saratani ya mdomo kwa urahisi zaidi. Uza tumbaku kama ndiyo kazi yako, lakini isipite mdomoni mwako.

Nisafishe vipi? Maji ya chumvi hayatoshi?

Hayatoshi. Chumvi nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa inatuliza kidonda, lakini haiondoi ukoga, kama vile maji ya mvua hayaondoi ugali uliogandia sufuriani. Ukoga unaondoka kwa kuguswa.

Mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi, mara mbili kwa siku, dakika mbili. Ulaze brashi nusu kwenye jino, nusu kwenye ufizi, uzungushe polepole. Usiku usiruke hata ukichoka. Kati ya meno tumia uzi wa meno. Fizi zikiwa zimeshuka, brashi ndogo za kupitisha kwenye mianya ni bora zaidi. Mswaki wa mti unafaa kwa asiye na mwingine, mradi uutafune uwe laini, uukate upya kila siku, na ufikishe nyuma na ndani, maana wengi wanasugua mbele tu. Mkaa na mchanga, hapana. Vinakwaruza, na mchubuko kwako ni mlango.

Matobolwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni chakula chetu, sikukatazi. Ila vinanata na vina sukari yake. Kula kwa mara moja, kisha piga mswaki, usiwe unatafuna kidogokidogo mchana kutwa dukani.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini ni nzuri kwa wiki mbili fizi zinapotibiwa. Ukiendelea nayo miezi, meno yanakuwa ya kahawia.

Mitishamba na asali ya hapa?

Asali ni tamu kwa bakteria pia, usiipake kwenye fizi ukalala nayo. Mitishamba ya kunywa iache, kwa sababu tu haijulikani itafanya nini na kiwango cha takrolimasi au siklosporini. Anayekuuzia hana kipimo cha damu.

Nasubiri kupandikizwa. Meno yanahusika?

Yanahusika kabla ya jambo jingine lolote. Jino lenye usaha leo, siku kinga ikishushwa ni njia ya kwenda kwenye damu. Ndiyo maana timu ya upandikizaji inataka meno yakaguliwe kwanza. Usingoje ukiwa Dodoma au Dar na nauli imebaki ya kurudia. Anzia huku: hospitali ya Kitete kwa watu wa Tabora, ya Maweni kwa watu wa Kigoma, ukachukue eksirei na barua. Kama siku zako za kusafishwa damu kwa mashine zina dawa ya kuzuia damu kuganda, jino ling'olewe siku inayofuata, si siku ile ile.

Nirudi kukaguliwa baada ya muda gani?

Miezi mitatu kama fizi zina shida. Sita kama ziko vizuri. Njoo na pakiti za dawa zenyewe, si kwa kutaja rangi za vidonge, na namba ya simu ya kliniki yako. Na kwa wanaosafiri na treni kwenda kliniki Dodoma au Dar: weka mswaki kwenye mfuko uleule wa dawa. Siku mbili njiani bila mswaki, ukoga haukusubiri.

Jino langu limeshaanza kucheza. Ndiyo basi?

Si lazima. Yule mama wa hindi la kuchoma, tulimkwangua ugaga mpaka chini ya ufizi, kwa ganzi, kwa siku mbili tofauti. Nilifunga jino lake na majirani zake kwa waya mwembamba na kibandiko cha rangi ya jino. Nikampigia daktari wake wa figo tukazungumza kuhusu sukari yake, iliyokuwa imepanda bila yeye kujua. Alijifunza kupitisha brashi ndogo kwenye mianya mbele ya kioo, mwanzoni akilalamika kwamba inachukua muda kuliko kuswali. Miezi minne baadaye kipimio kiligota kwenye 4. Mfupa haukupanda, lakini haukushuka tena. Jino liko mdomoni mwake mpaka leo, ingawa mahindi sasa anayapukuchua kwanza.